Rupia Iliyokaa Peke Yake

Kitu cha kwanza kulika kwenye rupia ya Mjerumani ni yule ndege aliyekaa juu ya kofia ya mfalme. Mabawa yake yamejitokeza kuliko kitu kingine chochote kwenye uso ule, kwa hiyo kila kidole na kila mfuko humwanzia yeye. Baada ya ndege huja sharubu. Baada ya sharubu, shavu. Ukiona shavu limekuwa bapa na sikio halionekani, hiyo si rupia ya kuwekwa kabatini na mtu mwenye pesa zake. Hiyo ni ya kuyeyushwa iwe bangili, na bei yake ni ya uzito tu.

Haya nilifundishwa na sonara mmoja wa Kihindi mjini Shinyanga, mtu wa maneno machache aliyerithi duka kutoka kwa baba yake. Kwa miaka mingi alinunua sarafu za fedha kwa mizani na kutengenezea vikuku vya maharusi. Halafu akagundua kwamba wageni waliokuwa wakifanya kazi kwenye almasi walizitaka rupia kama zilivyo, na kwa ile ambayo ndege wake bado ana manyoya walitoa bei ya kushangaza. Mimi wakati huo nilikuwa nikizunguka minadani na sabuni na kanga. Akaniita, akanikalisha mbele ya dirisha lake, akanifundisha kutazama.

Shika ukingoni, usiguse uso. Usiitazame kwa kuielekea. Iinamishe kidogo kidogo kwenye mwanga mpaka mikwaruzo ijitokeze yenyewe. Idondoshe juu ya jiwe, usikie: fedha huimba, risasi hunung'unika. Tazama kama ina tundu, au tundu lililozibwa. Na weusi wake uuache. "Weusi si uchafu," aliniambia, "weusi ni umri." Aliyasema hayo kwa uchungu, maana adui yetu mkubwa yalikuwa majivu na ndimu. Mtu anakaa na rupia miaka arobaini ndani ya chungu, nzuri, nyeusi tii, halafu akisikia mnunuzi anakuja anaisugua mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi, anakuletea huku anatabasamu. Nilikuwa nakasirika mpaka nasahau salamu. Huko Nkome nilikuta mvuvi amezitoboa rupia na kuzifunga kwenye wavu ziwe uzito, na hata yeye nilimwona afadhali kuliko watu wa majivu.

Niseme pia kwamba mimi ni mwoga. Sijawahi kuwa jasiri na sitajitia ujasiri leo nikiwa na mvi. Nilitembea na pesa zimefungwa kiunoni, na kila kichaka kati ya Kagongwa na Kahama nilikijua kwa jinsi kilivyonitisha. Lakini hofu ya mwizi ni hofu ya kawaida, unaizoea. Ninayotaka kuieleza hapa ni nyingine.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Kishapu, kutoka Mhunze unatembea asubuhi nzima. Ilikuwa miaka ya sabini, baada ya watu kutolewa kwenye kaya zao zilizotawanyika mashambani na kupangwa kwa mistari kwenye vijiji vipya. Mtu aliyezoea kumwona jirani yake kwa mbali kama moshi, sasa alisikia kikohozi chake ukutani. Surua ilikuwa imepita miezi michache nyuma na kuua watoto, na watu waliokaa mbali mbali wasingehesabiana misiba, lakini kwenye mstari kila mmoja aliona nani kazika na nani hakuzika.

Balozi wa nyumba kumi wa kijiji hicho nilikutana naye mnadani Mhunze. Mtu mrefu, mpole, mwenye koti zito hata juani. Nilimwambia natafuta hela za Mjerumani, kila nyumba iliyo nazo ilete, nitazitazama.

"Unaweza kuzitazama zote siku moja?" aliuliza.

"Naweza, mzee. Nikianza asubuhi."

"Na mbaya utaijua?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

Alinishika mkono kwa muda mrefu, na mkono wake ulikuwa na jasho. Nikadhani amefurahia biashara.

Siku niliyofika nilivaa kofia yangu ya vito, ile ya kudarizi, maana nilikuwa natoka mjini na kwetu mtu mzima hatembei kichwa wazi. Baba yangu asili yake Pangani, mama yangu Mmanyema wa Ujiji. Mimi nimezaliwa Shinyanga, lakini Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni tu: bei gani, punguza, ongeza. Vijijini kofia ile ilinipa cheo cha shehe nisichokuwa nacho. Walikuwa wakiamini kila Mswahili mwenye kofia amesoma vitabu na anaweza kupiga ramli. Nilikuwa nawaacha waamini, kwa sababu shehe hupewa kiti na maziwa.

Nilikuta watu wamekaa chini tayari, wanaume huku, wanawake kule, na hakuna aliyekuwa akiongea. Nilisalimia "Mwadila" kwa sauti ya mnadani, wakaitikia kwa sauti ya msibani. Nikatandika kitambaa changu cheupe juu ya kigoda, nikatoa jiwe la kudondoshea, nikatoa lenzi ya sonara. Nilikuwa pia na rupia moja ya mfano ambayo sonara alinipa nisiuze, imefungwa kwenye karatasi, ambayo ndege wake alikuwa hajapoteza hata unyoya. Hiyo niliiacha mfukoni.

Wakaanza kuleta. Kila aliyekuja alileta moja, na kabla ya kunipa aliisogeza mdomoni, akaitemea mate kidogo, ndipo akanipa kwa mikono miwili. Nikaudhika. Nikadhani wananisafishia. Nikawaambia mate yanaharibu, lakini aliyefuata akatema tena.

Niliziweka mafungu kama nilivyozoea. Kulia kwangu zilizo nzuri, katikati za wastani, kushoto za kuyeyusha. Kusema kweli hakukuwa na nzuri. Zote zilikuwa zimevaliwa shingoni, zimetobolewa, zimesuguliwa. Lakini mnunuzi akiwa mkali tangu mwanzo watu hukunja mikono na kuondoka, kwa hiyo nilikuwa nalegeza: yenye sharubu nikaiita nzuri, yenye sikio nikaiita ya wastani. Mwanamke mmoja, ya kwake ilipokwenda kulia, alifunika uso kwa kanga na kusema "Wabeja, wabeja sana," akishukuru. Mwanaume ambaye yake iliangukia katikati alinisihi nitazame tena. Nikatazama tena, nikaiacha pale pale. Jasho lilimtoka puani.

Kuna jambo lilipaswa kunishtua mapema zaidi. Hakuna aliyeuliza bei. Katika miaka yote ya kuzunguka, nilishaona watu wanauliza bei hata kabla ya kuitikia salamu. Siku ile asubuhi nzima sikulisikia hata moja kati ya yale maneno yangu matatu ya sokoni.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mwembamba. Alikuja akitegemea fimbo, akatema mate kama wenzake, akanipa. Rupia yake ilikuwa bapa pande zote mbili. Ndege hakuna, sharubu hakuna, mfalme mwenyewe amebaki kivuli. Ilikuwa na tundu kubwa lililolika upande mmoja kwa sababu ya uzi. Nilipoiinamisha kwenye mwanga nikaona mikwaruzo ya majivu, tena mipya, imepita juu ya mingine ya zamani kila upande. Kwa hasira zangu zile za majivu nikaitupa kushoto, ikalia juu ya kigoda. Fungu la kushoto halikuwa na nyingine. Ilikaa pale peke yake.

Wanawake waliokuwa karibu na bibi wakasogea. Hawakusogea kwa pamoja. Mmoja, kisha mwingine, kila mtu akivuta nguo yake isimguse. Bibi akabaki amesimama kwenye kiduara cha udongo mtupu. Mwanamke kijana aliyekuwa amekaa mbele, ambaye baadaye nilijua ni mke wa mwanawe, aliweka mikono kichwani. Nyuma ya bibi walisimama vijana, na fimbo zao za kuchungia hazikuwa tena mabegani.

Balozi akainama sikioni kwangu. "Ni hiyo peke yake?"

"Peke yake," nikasema.

"Basi umetusaidia, shehe. Tulikuwa tunasema ni yeye, lakini hatukuwa na uhakika."

Hapo nikaelewa. Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga. Nilikuwa najua wanavyofanya. Nyumba ikitaka kujua imeingiliwa na nini, hukitemea mate kifaranga na kukipeleka kwa mfumu, mganga wa kusoma kuku. Kifaranga kile kimebeba nyumba nzima. Mfumu anakipasua, anatazama ndani kimya, halafu anasema. Na mimi nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe, nikapokea kitu kimoja kimoja chenye mate ya kila nyumba, tena kitu cha babu zao, nikachungulia ndani yake kwa kioo, kimya, halafu nikakipa fungu. Watu wale hawakuja kuuza. Walikuja kujua nani kaua watoto, na mimi nilikuwa nimewaonyesha.

Nilimtazama bibi kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Kule hakuna kuni, watu wanapikia mavi ya ng'ombe makavu, na moshi wake hula macho ya kila mwanamke anayezeeka jikoni. Kila mtu aliyeishi Shinyanga miaka ile anajua macho kama yale yaliwapeleka wapi bibi wengi. Walikuwa wakiitwa wachawi, wakikutwa asubuhi wameuawa.

"Mzee," nikamwambia balozi, "mimi ni mnunuzi wa hela tu. Nafanya biashara."

Akanipapasa bega. "Tunajua, shehe. Hatutamwambia mtu."

Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuwa mganga. Nikanyoosha mkono niisogeze ile rupia katikati. Vidole vilikuwa havijaifikia, manung'uniko yakapita kwa watu, na mmoja wa vijana akasema jambo, balozi akanitafsiria kwa upole: "Anauliza kama bibi amekushika macho." Nikarudisha mkono. Ningeihamisha wangesema bibi ameniroga mbele yao wote, na hapo asingefika hata nyumbani kwake.

Nilifikiria kukimbia. Sitaficha. Niliangalia njia niliyoingilia, nikaangalia vijana na miguu yao, nikaona sifiki mbali. Na kama ningefika, ningekuwa nimeondoka na fungu lile limebaki kama lilivyo. Bibi alikuwa ananitazama. Hakulia, hakujitetea. Alikuwa anasubiri nimalize, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati.

Nikasema sijamaliza. Nikasema hela haiamuliwi kabla ya kupimwa na ya mfano. Nikatoa ile ya sonara mfukoni, nikashindwa kufungua karatasi kwa jinsi mikono ilivyotetemeka, na nadhani tetemeko lile lilinisaidia, maana waganga nao hutetemeka. Nikaiweka kulia. Ndege alikuwa na manyoya yote. Nikamwita balozi aitazame kwa lenzi, kisha nikampa ile aliyoleta yeye mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeiita nzuri.

"Unaona mabawa?"

Alitazama sana. "Hii ya kwangu hayapo."

"Basi yako kushoto."

Nikaiweka kushoto, kando ya ile ya bibi. Watu wakavuta pumzi. Nikachukua nyingine. Mabawa hayapo, kushoto. Nyingine, sharubu zipo, mabawa hayapo, kushoto. Nilizipima zote upya, moja moja, kwa ukali ambao sonara mwenyewe angeufurahia, na safari hii sikuwa nasema uongo hata kidogo. Asubuhi ndipo nilipodanganya. Ya yule mwanamke aliyeshukuru ikaenda kushoto, akatoa sauti kama amechomwa. Ya mkwe wa bibi ikaenda kushoto. Fungu likawa kilima kidogo na ile ya bibi ikafunikwa chini. Kulia ikabaki ya kwangu tu.

Sasa hofu yangu ikabadilika sura. Macho yote yalikuwa kwangu, na mtu wa pekee aliyejiweka upande wa wema alikuwa ni mimi, mgeni, mwenye kofia. Nilisikia ng'ombe mbali, nikawaza mke wangu mjini hajui hata njia niliyopita.

"Zote?" balozi akauliza polepole.

"Zote, mzee. Na yako imo."

Alisimama pale na koti lake. Nilimwona anawaza, na nilijua anachowaza: kama fungu lile lina maana waliyoipa, basi na yeye amo, na wake zake wamo, na kijiji kizima kimo. Alitazama watu wake. Alitazama kilima cha rupia. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Nilikuwa nasoma Yasini moyoni na nimesahau katikati.

Kisha mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa amekaa asubuhi yote akichonga mpini, akauliza kwa Kisukuma neno nililolijua vizuri.

"Bei gani?"

Sijawahi kupenda neno kama nilivyolipenda lile. Nikataja bei, bei moja kwa zote, ya kuyeyusha. Mwingine akasema ni ndogo, ongeza. Mwanamke akasema yake ni nzito kuliko ya jirani. Mtu akacheka, kicheko kifupi cha kulazimisha, lakini ni kicheko. Vijana wa fimbo wakaanza kutazamana. Nikaongeza, wakagoma, nikaongeza tena, na nililipa pesa za mtaji wangu karibu zote kwa fedha ambayo sonara asingeitazama mara mbili. Nilimlipa bibi kama wengine. Alipokea bila kuangalia.

Niliondoka mapema. Sikunywa maziwa. Nilitembea kwa haraka ya mtu anayejitahidi asionekane anakimbia, mpaka kijiji kikafichwa na ua wa minyaa, na ndipo nikasikia fimbo inagonga udongo nyuma yangu. Nilidhani ni wao. Nikageuka, nikakuta ni bibi, amenifuata peke yake, anahema.

"Shikamoo, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, aliniambia aliishi Geita na mume wake enzi za Mwingereza, mume akichimba dhahabu. "Niambie kweli. Yangu ilikaa peke yake kwanza. Kwa nini?"

"Ni fungu tu, mayu. Nilizichanganya zote."

"Ulizichanganya ili wasinipige. Niliona. Mimi nakuuliza ya kwanza." Alinikazia yale macho yake. "Mimi sijui kama nina kitu. Watu wanasema nina kitu. Wajukuu wamekufa ndani ya nyumba ninayolala. Mtu anaweza kuwa na kitu na asijue. Wewe umetazama, uliona nini?"

Kwa muda wote ule pale kigodani nilidhani anawaogopa wao, na kumbe alikuwa anajiogopa mwenyewe. Alikuwa amesimama akisubiri nimwambie kama ameua.

Nikakaa chini njiani. Nikamwaga mfuko, nikaitafuta yake, haikuwa ngumu kuipata. Nikampa lenzi, nikamwonyesha jinsi ya kuisogeza jichoni. Nikamwambia hapa palikuwa na ndege, hapa sharubu. Nikamwambia hakuna kilichoila isipokuwa vidole. Hii imeshikwa kuliko zote za kijiji, na ndiyo sababu ilikaa peke yake. Hakuna kingine nilichokiona, wallahi, mimi sina elimu ya kitu kingine. Nikamwonyesha na mikwaruzo. "Na haya ni majivu. Mengine ni ya juzi tu. Kwa nini uliisugua, mayu? Ilikuwa na uzuri wake."

Hakutoa lenzi jichoni. Alisema ilikuwa ya mama yake, na mama yake kila mtoto alipougua aliisugua kwa majivu na kuwaita waliotangulia wamwangalie mtoto. Naye akafanya hivyo kwa watoto wake. Surua ilipoingia aliisugua usiku na mchana, mpaka vidole vikachubuka, kwa ajili ya wajukuu, na hawakupona. "Mkwe wangu aliniona gizani nasugua, nanong'ona," akasema. "Sikumwambia ni nini. Hayo hayasemwi wakati mtoto anaumwa. Akadhani ndiyo nawamaliza."

Nililia, na sikuona aibu. Miaka yote nilikuwa nawatukana watu wa majivu.

Bibi akanirudishia lenzi. Kisha akafungua pindo la nguo, akatoa pesa nilizomlipa, akaziweka juu ya mfuko wangu. Ile rupia akaifumbata mkononi.

"Mayu, usirudi nayo," nikamsihi. "Waache wasahau. Nitaichukua, nitakwenda nayo mjini, haitaonekana tena."

"Nikirudi bila hii, mkwe wangu atasema mganga ameondoka na uchawi wangu. Atajua kweli uchawi ulikuwepo." Alikuwa anapitisha uzi alioutoa pindoni kwenye lile tundu, polepole, macho yake hayaoni vizuri. Nikamsaidia kuupitisha. Akaivaa shingoni, juu ya nguo, mahali pa kuonekana na kila mtu, akageuka na fimbo yake kurudi alikotoka.

Lori la pamba lilikuwa linapita barabara kuu alasiri, na lingeniacha. Nilijua hivyo. Miguu ilitaka barabara. Nilimfuata kwa nyuma, nikijificha kwenye minyaa kama mwizi.

Aliingia uani kwake. Mke wa mwanawe alikuwa anapepeta, na mmoja wa vijana wale wa fimbo alikuwa ameegemea zizi. Wote wawili waliiona rupia. Kijana akasimama wima. Bibi akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akaivua shingoni, akamnyooshea mkwe wake, akaanza kusema. Nilikuwa mbali, sikusikia, na hata ningesikia ningeambulia maneno mawili matatu. Nilimwona akisugua kidole hewani juu ya rupia, hivi na hivi. Mkwe hakuipokea. Alirudi nyuma hatua, akaingia ndani, na bibi akabaki amenyoosha mkono nayo mbele ya mlango mtupu, na yule kijana anatazama mlango ule ule ninaoutazama mimi.

Mkwe alipotoka alikuwa na kata ya maji. Alisimama nayo mbele ya bibi mpaka nikadhani ataimwaga. Kisha akapiga magoti, kama mkwe anavyompa maji mama mkwe, akaitoa kwa mikono miwili. Bibi akanywa. Kijana akarudi kuegemea zizi. Nami nilibaki nimejibanza kwenye minyaa, utomvu wake unanichoma mikononi, nikiogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi, kwa sababu yale maji yalikuwa ya jioni moja tu, na mimi nilikuwa naondoka.